Mpigaji Asiye na Mwimbaji

Alikuwa Mhindi aliyekwenda dukani kwa Wahindi akazungumza Kiswahili. Watu wengi hapa Tabora hawakulielewa jambo hilo, na mimi mwenyewe nilichelewa kulielewa. Wenye maduka ya vitambaa na ya vipuri vya baiskeli kule mjini wana lugha yao, na huitana kwa lugha hiyo kutoka kaunta hadi stoo. Yeye alitoka kusini kabisa mwa India, na lugha yake haikufanana na yao hata kidogo. Akiingia dukani, mwenye duka alimpokea kwa furaha kama ndugu, kisha wote wawili wakatabasamu kwa haya, wakaanza.

"Habari za kutwa, Mwalimu?"

"Nzuri, bwana. Naomba uzi mweusi wa huyu Fundi, ule mgumu."

Nilikuwa naye siku hiyo, nikacheka. Yeye hakucheka. Tulipotoka akaniambia, "Fundi, unaona? Hata ndugu zangu ni wa kuazima."

Mtaani kwetu Ipuli tulimwita Mwalimu tu. Alifundisha fizikia sekondari kwa mkataba, na mkataba ulipokwisha akaomba mwingine, na mwingine, mpaka akastaafu hapahapa. Kila mwaka alisema ataondoka mvua zikikatika. Mvua zilikatika, zikaja nyingine, naye akawa bado anafagia uwanja wake kwa ufagio wa chelewa. Nyumba yake na yangu zilitengwa na ukuta wa matofali ya kuchoma usiofika kifuani. Mimi hushona barazani, kwa hiyo nilimsikia kabla sijamjua.

Nilichosikia kwanza hakikuwa ngoma. Kilikuwa mdomo. "Ta ka di mi, ta ka jo nu, ta ki ta, ta ki ta, tom." Nilidhani anasali. Mpangaji wangu wa uani alidhani anagombana na mtu kwenye simu. Kumbe alikuwa anapiga ngoma kwa ulimi. Kwao, alinieleza baadaye, mwanafunzi haruhusiwi kushika ngoma mpaka aweze kulitamka kila pigo, maana kila pigo lina neno lake. "Mdomo ukijikwaa, mkono utaanguka," alipenda kusema. Alitamka akiwa kwenye baiskeli, akichota maji, akipanga foleni benki. Huku kiganja kimoja kikilipiga paja, vidole vya mkono huo vikihesabu, kisha kiganja kikageuzwa juu kama anayeomba sadaka. Watoto wa mtaa walimwiga. Hata leo wasichana wakiruka kamba pale karibu na mashine ya kusaga utawasikia wakiimba takadimi, takadimi, na hawajui neno hilo limetoka wapi.

Siku ya kwanza kuzungumza nami aliinama juu ya ukuta akasema, "Shikamoo."

Mimi nilikuwa kijana bado, na yeye mvi zilishaanza kuchomoza. Nikaona haya, nikamwambia, "Mwalimu, mimi ndiye wa kukuamkia."

"Najua. Wanafunzi wameshanisahihisha. Lakini neno lenyewe ni zuri, sitaki kulipokea tu." Akatega sikio. "Cherehani yako inachechemea. Kila baada ya mizunguko kadhaa inapotea kidogo, halafu inakimbia kuwahi. Nimeshindwa kusahihisha madaftari."

Nikafungua, nikakuta mkanda umelegea na kiungio chake kinakaribia kukatika. Nikaukata, nikaufupisha, nikakanyaga tena. Akasikiliza kichwa kikiwa upande, akasema, "Sasa inatembea," akarudi ndani bila kuaga. Ndivyo alivyokuwa. Akishapata alichokitaka masikioni, adabu nyingine zote zilimtoka.

Ngoma yake iliitwa mridangamu. Ilikuwa ndefu kama mtoto mchanga aliyefungwa nguo, nene katikati na nyembamba kwenye ncha, imechongwa kwenye gogo la mfenesi, na ina ngozi pande zote mbili. Aliilaza mapajani akiwa amekaa kwenye mkeka. Upande wa kulia ulikuwa na duara jeusi lililokauka kama lami, na sauti yake ilikuwa kali na safi, utafikiri kijiko kimegonga bilauri. Upande wa kushoto ulitakiwa kupakwa kinyunga cha unga kabla ya kila kupiga, ili utoe sauti nzito, kisha kinabanduliwa. Kwao walitumia unga wa ngano wa chenga. Hapa unga huo ulipatikana siku moja na kukosekana mwezi, kwa hiyo alijaribu kila kitu. Mtaa mzima ulisimulia kwamba Mwalimu anailisha ngoma yake ugali, na haikuwa uongo. Sembe, alisema, hukauka upesi na kudondoka katikati ya wimbo. Dona hunung'unika.

Nilimuuliza siku moja kwa nini hapigi mbele za watu. Aliniangalia kana kwamba nimemuuliza kwa nini haolewi.

"Hii si ngoma ya kusimama peke yake, Fundi. Kazi yake ni kumfuata mwimbaji. Mwimbaji anakwenda, mimi namshika mkono. Akiruka, naruka. Akinyamaza, najaza. Sasa hapa Tabora mwimbaji wa nyimbo zetu yuko wapi?"

"Hayupo."

"Basi mimi ni mtu anayeshika mkono wa hewa."

Alisema hivyo bila kujionea huruma, kama anayetaja hali ya hewa. Alikuwa na kaseti, baadaye santuri za kompyuta, na jioni aliziwasha akazifuata. Lakini mwimbaji wa kwenye kaseti hakusikilizi, alisema. Unaweza kufa pale mkekani, yeye ataendelea kuimba.

Alijaa mambo yasiyopatana. Hakula nyama wala yai, na harufu ya mishikaki ya pale stendi ilimfanya avuke barabara, lakini hakuna mtu Tabora aliyejua ngozi ya mbuzi kuliko yeye. Kiangazi chetu kikavu kilizipasua ngozi zake. Basi alikwenda mwenyewe machinjioni, leso puani, akasimama kati ya damu na nzi, akizipapasa ngozi na kuzigonga kwa ukucha, huku wachinjaji wakimtania. Mapigo ya ngoma aliyapima kwa unywele, lakini hakuwahi kufika mahali popote kwa wakati. Harusi alifika wakati wa kukunja viti. Mkutano wa wazazi alifika walinzi wakifunga geti. Alikuwa mpole wa kupindukia kwa wanafunzi wajinga, na mkali wa kutisha kwa wenye akili. Na aliwapenda watu, naamini hivyo, ila alipokaa nao zaidi ya saa moja alianza kuangalia mlango.

Katika sikukuu ya ndugu zake wa mjini, wanapocheza kwa duara na vijiti usiku kucha, walimwalika kila mwaka. Alikwenda. Alikaa kiti cha mwisho, mikono ameikalia, maana ngoma yao ilikuwa ya namna nyingine na yeye hakutaka mikono imwaibishe kwa kujibu. Walimletea sahani ya vitumbua vyao vya sukari. Alikula, akashukuru kwa Kiswahili, akapanda baiskeli akarudi Ipuli.

Mara moja tu alikubali kupiga kwenye shughuli yetu. Binti wa jirani alikuwa anaolewa, na kikundi cha ngoma kilichokodiwa kilimwomba aingie katikati, nusu kwa mzaha, nusu kwa heshima. Alianza vizuri. Wanawake walimzunguka, manyanga yakalia, vigelegele vikapanda. Kisha nikaona uso wake unabadilika, macho yanafumba, na mikono ikaanza kuhesabu mambo yake ya ndani. Aliyagawa mapigo, akayakata, akayarudia kwa mafungu madogo zaidi na zaidi, akiyaelekeza yote yakutane mahali pamoja mwishoni. Wachezaji walipotewa na hatua. Mmoja akasimama, wa pili akasimama, wakawa wanamtazama. Aliendelea. Alipolifikisha pigo la mwisho mahali pake aliinua mkono juu, uso unang'aa, akafumbua macho. Uwanja mzima ulikuwa umesimama kimya.

Kiongozi wa kikundi, mama mnene mwenye sauti ya kukwaruza, alimshika bega. "Mwalimu, ngoma yako tamu sana. Ila haina mahali pa kuweka mguu."

Tulirudi pamoja kwa bajaji. Kesho yake asubuhi akainama juu ya ukuta. "Yule mama amesema kweli. Nilikuwa napiga, wao wakawa kama hawapo." Hakupiga tena harusini.

Mtu aliyembadilisha alikuwa mama yangu. Mama aliishi Usoke, kijiji cha reli, na miguu ilipomshinda kwenye mashamba ya tumbaku nikamleta mjini. Hakupapenda mjini. Kiswahili alikielewa ila alikiongea kwa shida, na mchana kutwa alikaa uani akitafuta kazi. Nikamwambia mashine ya kusaga iko hapo hatua chache. Akaniambia unga wa mashine una harufu ya dizeli. Akaagiza kinu na mchi wake kutoka Usoke, vikaja kwa treni, akaanza kutwanga mtama wake mwenyewe, akiimba.

Wimbo ule niliukulia. Wanawake wa kwetu waliuimba zamani waume walipokwenda pwani na misafara, wamebeba pembe begani, na nyumbani wakabaki wanawake na vinu. Maneno yake machache tu: mtama haulainiki, njia hairudishi. Sikuwahi kuufikiria kama muziki. Ulikuwa sauti ya kazi.

Siku ya pili au ya tatu, Mwalimu alisimama ukutani muda mrefu. Mwishowe aliniita kwa kidole, kama mwizi.

"Fundi, mama anaacha pengo."

"Pengo gani?"

"Sikiliza. Ta ki ta, ta ka di mi. Saba. Halafu tena saba. Lakini mchi hauanguki kila panapotakiwa. Kuna mahali anaunyanyua, anangoja, hapigi. Na kila mara ni palepale. Mwulize pale pana nini."

Nikamuuliza mama kwa Kinyamwezi. Hakuacha kutwanga. Akanijibu kwamba pale ni mahali pa mchi wa mwenzake. Wimbo ni wa watu wawili kwenye kinu kimoja. Mwenzake alikuwa mke mwenzie, wakitwanga pamoja tangu ujana, naye alishafariki miaka mingi. Mama hakuwahi kumweka mtu mwingine mahali pale, wala mimi.

Nilipomtafsiria Mwalimu aliondoka. Nikadhani tumemuudhi. Akarudi akiwa amebeba ngoma na mkeka, akazunguka kupitia getini kwa mara ya kwanza badala ya kuinama ukutani, akasimama mbele ya mama.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba," mama akasema, akimwangalia kwa mashaka yeye na mzigo wake.

"Mwambie naomba ruhusa," akaniambia. "Mwambie sitajaza kila mahali. Pale tu."

Mama alifikiri. Kisha akamuuliza ngoma hiyo inakula nini, kwa maana habari za ugali zilikuwa zimemfikia. Nikaona ametania, na nikajua amekubali. Aliingia jikoni akatoka na donge la ugali wa mtama uliolala, akalifinyanga kwa vidole vyenye unyevu, akampa. Mwalimu akalipaka upande wa kushoto, akagonga mara moja. Sauti ikatoka nzito na laini, ikazunguka ua. Akanitazama kama mtu aliyeokota kitu njiani. Tangu siku hiyo hakutumia kingine.

Mama akaanza kutwanga. Mwalimu hakupiga raundi ya kwanza, wala ya pili. Alisikiliza. Raundi ya tatu, mama aliponyanyua mchi na kungoja, pigo likaanguka pale, dogo, la mkono wa kushoto. Mama akatetereka. Akaendelea. Pigo likaanguka tena. Alitwanga hivyo mpaka mtama ukawa unga kupita kiasi, naye haoni, machozi yanamtiririka, na sauti yake imepanda mahali ambapo sikuwahi kuisikia. Mwalimu hakumtazama machoni. Alitazama mikono yake.

"Nani kamfundisha huyu?" mama aliniuliza baadaye.

"Hajafundishwa, mama. Amesikiliza tu."

"Kwao nako kuna wajane, basi."

Kuanzia hapo walikuwa na miadi yao ya alasiri. Hawakuwa na maneno mengi. "Mwangaluka," Mwalimu alimwamkia kwa Kinyamwezi, salamu ya asubuhi, hata kama jua limeshapinduka, na mama alimjibu bila kumsahihisha. Ngozi ya kushoto ilipopasuka, mama alimpeleka kwa mpwa wake Usoke anayewamba ngoma, na ikarudi na sauti ya chini zaidi. "Kulia India, kushoto Usoke," Mwalimu akasema, na hiyo ndiyo siku pekee nimewahi kumwona akijisifu. Alimfundisha mama kuhesabu kwa vidole na kiganja. Mama alimfundisha nyimbo nyingine za kinu, za kupalilia, na moja ya kubembeleza mtoto. Zilikuwa alasiri njema. Lakini hazikuwa nyingi kama ninavyozikumbuka, kwa sababu mama alifariki kabla ya mtama wa mwaka uliofuata kuvunwa.

Msibani Mwalimu hakuonekana. Watu walisema. Wengine walisema Wahindi ndivyo walivyo, na mimi kwa uchungu wangu sikumtetea. Jioni mpangaji wangu akaniambia amemwona ng'ambo ya barabara, amesimama chini ya jua tangu asubuhi, baiskeli mkononi. Baada ya matanga nilimuuliza kwa nini hakuingia.

"Wanaume walikaa nje, wanawake ndani," alisema. "Wa ukoo upande huu, wa kanisani upande ule. Nilitafuta upande wangu. Nikaona nikiuliza nitawasumbua."

Miezi mingi ngoma haikulia. Ilipolia tena, ilikuwa kwa mashaka, na hakuwasha tena kaseti.

Kiharusi kilimpata akiwa amestaafu. Mkono wa kushoto ulikufa, na mguu ukaburuta. Nilikuwa nampelekea uji na kumfulia, na majirani wengine walifanya zamu, kwa maana alikuwa amefundisha nusu ya watoto wa mtaa. Ndipo binti yake akaja. Nilijua kwamba ana binti, kama vile nilivyojua kwamba mkewe alikuja zamani, akakaa kidogo, akashindwa, akarudi na mtoto. Nilikuwa sijamwona. Alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye saa kubwa ya mkononi na macho ya baba yake. Aliongea na baba yake kwa lugha yao usiku na mchana, kwa upole kwanza, kisha kwa kelele. Mwalimu alitikisa kichwa tu.

Binti alikuja barazani kwangu. Kiingereza changu ni cha darasani, lakini tulielewana.

"Anakusikiliza wewe," alisema. "Mwambie twende. Hapa ana nini?"

Nikamwambia nadhani hapa ana amani. Alicheka bila furaha. Akaniambia jambo ambalo Mwalimu hakuwahi kunigusia. Alipokuwa kijana alisoma ngoma kwa mtaalamu mkubwa, na siku ya kwanza kupandishwa jukwaani, mbele ya mji mzima wenye masikio makali, mapigo yalimpotea katikati ya wimbo. Aliyatafuta, hakuyapata. Mtaalamu wake, aliyekuwa amekaa mbele, aliinua kidole, na mwanafunzi mwingine akapanda akachukua nafasi yake wimbo ukiendelea. Haukupita muda akajaza maombi ya kazi ya ualimu Afrika.

"Mama yangu alisema alikimbilia mahali ambapo hakuna atakayejua," binti akamaliza.

Nilibaki na kipande cha kitambaa mkononi. Miaka yote ile nilidhani amekosa mwimbaji kwa bahati mbaya.

Alikubali kuondoka mwishoni, sijui kwa nini. Labda alichoka kuoshwa na majirani. Alasiri ya kabla ya safari nilikwenda kumpunguzia suruali ya kusafiria, maana alikuwa amekonda na zote zilimpwaya na kuburuta. Binti alikuwa mjini kutafuta dawa. Ngoma ilikuwa imeshafungwa kwa shuka na kamba, imeegemea mlango. Nilipiga magoti mbele yake, pini mdomoni, nikikunja upindo.

"Fundi."

Nikaitikia kwa kichwa.

"Wewe umenisikia kuliko mtu yeyote duniani. Mama yako alinisikia kidogo. Binti yangu hajanisikia kabisa. Niambie kweli, usinihurumie. Nilikuwa napiga vizuri?"

Nilishukuru kwa zile pini. Nilizitoa moja moja, nikazichoma kwenye upindo. Nilijua neno analolitaka. Lilikuwa jepesi, na halikuwa na gharama. Nikamtazama. Mkono wake wa kulia ulikuwa umelishika goti, umetulia kabisa.

"Sijui, Mwalimu," nikasema. "Mimi sijawahi kumsikia mwingine."

Nje pikipiki ilipita, ikafifia. Kisha akacheka, kicheko kidogo cha puani, akauweka mkono ule juu ya kichwa changu kama wazee wanavyowabariki watoto.

"Asante," akasema. "Sasa angalia mguu wa kulia, nadhani umeukunja zaidi."

Nilikuwa nimeukunja zaidi kweli. Nikaufumua.

Waliondoka asubuhi kwa treni, na ngoma ikaenda nao, ingawa binti alilalamikia uzito. Msimu uliofuata binti alinitumia ujumbe kwamba baba amepumzika, usingizini, bila maumivu. Nyumba ya jirani sasa ina familia changa, watu wema, wana redio inayolia kutwa.

Mjukuu wangu ameniambia kwamba kwenye simu wapo wapigaji wa mridangamu wengi, wakubwa kabisa, unaandika neno tu wanatokea, unawaona mpaka vidole. Amejitolea kunitafutia. Nimemwambia aniache nishone.